Baiskeli ya Zamani: Bei Yake Imeandikwa Wapi?

Baiskeli inatolewa stoo. Imekaa humo miaka 40, matairi yamepasukapasuka, cheni imeshikana kwa kutu, siti ya ngozi imekauka kama gome la mti. Aliyeirithi anaifuta vumbi kwa kitambaa, anasoma jina lililo shingoni mwa fremu, kisha anauliza swali ambalo nimelisikia kuliko jingine lolote: "Hii ni ya kale kabisa. Nikiuza nitapata ngapi?"

Kinachompoteza ni hilo neno "kale". Wengi hudhani baiskeli hupanda bei kadiri inavyozeeka. Lakini zipo baiskeli za mwaka 1955 ambazo hata ukizigawa bure utatafuta wa kuzibeba, na zipo za miaka ya 1980 ambazo wanunuzi huzigombea. Stumpjumper, baiskeli ya milimani ya kampuni ya Specialized, ilitoka mwaka 1981 tu, na tayari moja imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian huko Marekani. Bei hupanda pale mambo matatu yanapokutana: zimebaki chache, wapo watu wanaozitaka, na hiyo uliyonayo kweli ndiyo unayodai kuwa nayo. La tatu ndilo gumu, na ndilo wauzaji wengi huliruka.

Tuanze na uchache, maana hapo ndipo macho hudanganya zaidi. Ile baiskeli nyeusi ya rimu za inchi 28, yenye breki za vyuma virefu badala ya waya, madigadi mapana na keria nzito nyuma, ukiitazama utaapa imetoka enzi za babu wa babu. Raleigh, Hercules, Phillips na BSA za Uingereza ziliitengeneza kwa miongo mingi, kisha viwanda vya India na China vikaendelea nayo bila kubadili lolote la maana. Kwa hiyo inayoonekana kuwa ya 1930 huenda ikawa ya 1985. Na hata ikithibitika kuwa ni ya 1950, wenzake duniani ni mamilioni. Bei yake itakuwa bei ya chombo cha kazi, na mnunuzi wake atakuwa mtu anayetaka kuipanda.

Hali ni hiyohiyo kwa baiskeli za gia kumi za mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati ule Marekani ilivamiwa na homa ya baiskeli. Mwaka 1973 peke yake ziliuzwa takriban milioni 15. Schwinn Varsity, Raleigh Grand Prix na Peugeot UO-8 zilinunuliwa kwa wingi, nyingi zikapandwa majira mawili matatu tu, kisha zikatundikwa ukutani. Ndiyo maana leo zinapatikana nyingi, tena zikiwa na rangi safi. Anayekuta moja ikiwa inang'aa hudhani amefumania hazina, kumbe kung'aa kwenyewe ni ushahidi kwamba ziko tele.

Kinyume chake ni Bowden Spacelander. Benjamin Bowden aliibuni Uingereza mwaka 1946, ikiwa na umbo la mviringo kama chombo cha angani, lakini haikuingia kiwandani mpaka mwaka 1960 huko Marekani, safari hii ikifinyangwa kwa faibaglasi. Haikununulika. Ziliuzwa takriban 500 tu, kampuni ikafunga. Kwa sababu walioikataa wakati ule walikuwa wengi, leo zilizobaki ni chache, na wakusanyaji hulipa pesa nyingi kuipata. Bidhaa iliyoshindwa sokoni mara nyingi ndiyo inayokuja kuwa adimu, ilimradi iwe na kitu cha kukumbukwa.

Kuisoma baiskeli

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, ile ninayoipenda kuliko zote. Baiskeli ni mkusanyiko wa vipande vilivyotoka viwanda mbalimbali, na vingi kati ya vipande hivyo viligongwa tarehe. Mimi huvichukulia kama mashahidi. Shahidi mmoja peke yake anaweza kukosea. Watano wakitaja mwaka mmoja, hapo una baiskeli nzima mikononi.

Kama gurudumu la nyuma lina habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya gia tatu ya Sturmey-Archer, weka tone la mafuta juu ya habu, subiri kidogo, futa. Kwenye habu ya AW, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1936, utaona herufi hizo na kando yake tarakimu. Ukikuta 58 na 4, habu hiyo ilitengenezwa Aprili 1958. Shimano walitumia herufi mbili: ya kwanza ni mwaka, wakianza na A kwa 1976, na ya pili ni mwezi. Kwa hiyo EC ni Machi 1980. Kwa Campagnolo tazama kibadili gia cha nyuma: kwenye vingi vya aina ya Nuovo Record, neno "Patent" hufuatwa na tarakimu mbili za mwaka. Mikono yao ya pedeli ya miaka ya 1970 ina umbo dogo la almasi upande wa ndani, na tarakimu iliyomo humo ndiyo mwisho wa mwaka. 5 ni 1975. Schwinn nao, kuanzia 1965, walitanguliza herufi mbili kwenye nambari ya fremu, ya kwanza mwezi na ya pili mwaka.

Ni kawaida habu kuwa na umri wa miezi kadhaa kuizidi fremu, kwa kuwa vipuri hukaa bohari kabla ya kufungwa. Habu ya mwishoni mwa 1958 ndani ya baiskeli ya 1959 haina tatizo. Habu ya 1974 ndani ya fremu ya 1958 inakuambia kwamba gurudumu lilibadilishwa, na huenda si gurudumu peke yake.

Nambari ya fremu ndiyo ambayo kila mtu huikimbilia kwanza, akiitafuta chini ya ekseli ya pedeli, kwenye shingo, au kwenye bomba la siti. Iandike, lakini usiitegemee sana. Viwanda vikubwa vingi vilibadili mpangilio wa nambari zao mara kwa mara, na zipo nambari ambazo hazisemi mwaka hata kidogo. Kwa mafundi wadogo waliotengeneza fremu moja moja kwa mkono, mambo hugeuka: nambari inaweza kuwa imeandikwa daftarini pamoja na tarehe na jina la mteja wa kwanza, na ukurasa huo mmoja unaweza kuongeza bei kuliko rangi mpya na magurudumu mapya kwa pamoja. Ukikuta nambari imesagwa kwa tupa, iache hapohapo. Baiskeli ya namna hiyo haina bei ya halali.

Baada ya tarehe, chunguza mabomba ya fremu. Reynolds wa Uingereza walitangaza chuma chao cha 531 mwaka 1935, na kwa miongo kadhaa stika yake ilikuwa ndiyo alama ya fremu nzuri. Isome stika neno kwa neno. Ipo inayosema fremu nzima pamoja na uma wa mbele ni 531, na ipo inayosema mabomba makuu matatu tu, na tofauti ya bei kati ya hizo mbili si ndogo. Stika pia hununuliwa mpya na kubandikwa juu ya fremu yoyote. Hapo msaada wako ni kipimo cha nguzo ya siti. Ing'oe, ipime kipenyo kwa kalipa. Fremu za Kiingereza za 531 yenye kuta zinazopungua unene katikati huchukua nguzo ya milimita 27.2. Fremu za chuma cha kawaida zina kuta nene, hivyo tundu ni dogo, na nguzo huwa milimita 26 au chini ya hapo. Stika ikijigamba na nguzo ikawa ya milimita 25.4, iamini nguzo. Isipokuwa fremu za Kifaransa: mabomba yao yalikuwa ya vipimo vya metriki, hivyo fremu nzuri kabisa ya Ufaransa inaweza kuchukua nguzo ya 26.4. Nimeona watu wakiidharau Peugeot PX-10, iliyojengwa kwa 531, kwa sababu hiyo tu.

Kipuri kimoja kinaweza kuishinda baiskeli nzima kwa bei. Sturmey-Archer walitengeneza habu iitwayo ASC, ya gia tatu lakini isiyo na mzunguko huru, yaani pedeli hazisimami gurudumu likiwa linazunguka. Ziliuzwa chache, na wapenzi wake huzisaka kote. Ikikutwa kwenye baiskeli ya kawaida iliyoliwa na kutu, hiyo habu peke yake ndiyo mali. Vivyo hivyo siti ya ngozi ya Brooks ambayo haijapasuka, taa ya zamani yenye kioo chake, au breki za Mafac zikiwa bado na vifuniko vya mpira visivyooza.

Hali, na ubaya wa brashi ya waya

Nilipokuwa kijana nilipewa baiskeli ya mjomba wangu. Niliikwangua rangi yote, nikaipaka nyekundu inayong'aa, nikaona nimeiheshimu. Fremu ile ilikuwa na mistari ya dhahabu iliyochorwa kwa mkono, myembamba kama uzi, ikifuata kila kiungio. Sina hata picha yake. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia anataka "kuitengeneza kwanza ndipo aiuze", namwomba aniahidi kwamba hatagusa rangi.

Mkusanyaji hulipia rangi ya kiwandani hata ikiwa imechubuka, kwa sababu rangi hiyo ni shahidi mwingine. Baiskeli iliyopakwa upya, hata kwa ustadi, huwa imepoteza sehemu ya ushahidi wake, na mara nyingi gharama ya kuipaka hairudi kwenye mauzo. Isafishe kwa kitambaa laini, maji na sabuni kidogo, ukipita mbali na stika na maandishi. Kutu nyepesi juu ya kromu hutoka ukiisugua kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji. Usitumie msasa wala brashi ya waya.

Chubuko hazinitishi. Ninachokiogopa ni fremu iliyopinda. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na bomba la chini, pale yanapoungana na shingo. Ukihisi mkunjo, hata mdogo kama wimbi la karatasi, baiskeli hiyo iligonga kitu uso kwa uso, na mnunuzi anayejua ataugundua kwa kidole hichohicho. Kisha fanya jaribio la kamba: ifunge kwenye ncha moja ya nyuma inayoshika ekseli, izungushe shingoni, uirudishe mpaka ncha ya pili, ivute ikaze. Pima umbali kutoka kamba hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana kwa milimita kadhaa, fremu imekwenda upande.

Jaribu pia kuzungusha nguzo ya siti na shina la usukani. Alumini ikikaa miaka mingi ndani ya bomba la chuma bila grisi, huganda kana kwamba imechomelewa. Kuitoa kunaweza kumchukua fundi siku nzima, na mara nyingine hukatwa kwa msumeno. Nguzo ikiwa imeganda huku siti ikiwa chini kabisa, baiskeli hiyo inamfaa mtu mfupi tu mpaka itakapofunguliwa. Mnunuzi ataikata gharama hiyo kwenye bei, na ana haki.

Bei ya nani?

Hapa ndipo mkanganyiko mwingi hutokea, kwa sababu watu hutafuta bei moja wakati baiskeli ileile ina bei tatu. Anayetaka kuipanda kila siku atauliza kama breki zinashika na kama kipimo kinamfaa. Kwake mwaka hauna uzito. Mkusanyaji atauliza kama vipuri ni vyake vya asili, na atalipa zaidi hata kama haisogei. Wa tatu ni mfungua vipuri, ambaye anaitazama baiskeli na kuona habu, mikono ya pedeli, breki na siti, kila kimoja na bei yake. Kwa baiskeli za mbio za miaka ya 1970 na 1980 zenye vipuri vya Campagnolo, jumla ya vipande vikiuzwa kimoja kimoja mara nyingi huizidi bei ya baiskeli nzima. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini mimi siwezi kuifungua baiskeli ambayo imekaa na vipuri vyake vyote kwa miaka 50. Ikishafunguliwa, hakuna wa kuirudisha. Kama fremu imepinda, hapo sawa, ifunguliwe, wengine wapone kwa viungo vyake.

Mapenzi ya watu nayo hubadilika, na bei huyafuata. Mwaka 1997, Gaiole in Chianti, kijiji cha Italia, ulianza msafara uitwao L'Eroica unaopita barabara za vumbi za Toscana. Masharti yake ni mepesi kuyaeleza: baiskeli ya mbio iwe imetengenezwa kabla ya 1987, vibadili gia viwe kwenye bomba la chini, pedeli ziwe na vishikizo na mikanda, na waya za breki zitokeze nje ya usukani. Waendeshaji hutoka nchi nyingi na kila mmoja anahitaji baiskeli inayotimiza masharti hayo. Baiskeli ya 1985 imepata kazi. Ya 1989, hata ikiwa bora zaidi, haimo.

Nguvu nyingine ni utoto. Schwinn Sting-Ray ya mwaka 1963, yenye usukani mrefu na siti ndefu kama ndizi, na Orange Krate iliyoifuata mwaka 1968, zilikuwa ndoto za watoto wengi ambao wazazi wao hawakumudu. Watoto hao walipofikia umri wa kushika pesa, walizitafuta. Bei za vitu vya namna hii hupanda kizazi husika kinapokuwa na kipato na nafasi, na huweza kushuka kinapoanza kuuza vya kwake. Aliyenunua bei ikiwa kileleni asitegemee mwanawe atapata ileile.

Palipo na mapenzi, viwanda navyo hurudi. Schwinn Black Phantom, iliyoanza kuuzwa mwaka 1949, ilitolewa tena na Schwinn wenyewe mwaka 1995 kusherehekea miaka 100 ya kampuni. Si bandia, ni nakala ya halali, na sasa nayo ina miaka 30 na vumbi lake. Baiskeli zile za gurudumu kubwa la mbele za miaka ya 1870 na 1880 zimenakiliwa zaidi, nyingine kwa ajili ya mapambo tu. Tarehe na alama kwenye vipuri ndizo zitakazokuambia ni ipi umeishika.

Kuipata tarakimu

Ukishajua ni baiskeli gani, ya mwaka gani, na ina nini cha asili, ndipo utafute bei. Usitazame bei zinazotajwa kwenye matangazo. Mtu anaweza kuitangaza baiskeli yake kwa bei yoyote, na yale matangazo yaliyokaa muda mrefu ndiyo yenye bei zilizokataliwa. Tafuta zilizouzwa: masoko makubwa ya mtandaoni yana sehemu ya kuchuja mauzo yaliyokamilika, na nyumba za mnada huchapisha matokeo yake. Kusanya mauzo matano au sita ya aina ileile, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, uangalie yaliyobaki yanakubaliana wapi. Ukipata mawili tu, sema unakisia.

Kisha anza kutoa. Matairi, mipira ya ndani, waya za breki, vipande vya breki, grisi na goroli vikinunuliwa kwa pamoja vinaweza kula bei yote ya baiskeli ya kawaida. Kipimo nacho kina neno lake: fremu ya sentimita 54 hadi 58 huwafaa watu wengi, wakati ya 49 au ya 64 husubiri mtu wake, na kusubiri huko hushusha bei. Umbali ni kitu kingine. Baiskeli ni mzigo mkubwa na mwepesi kuharibika, kwa hiyo bei iliyolipwa mbali na ulipo haikuhusu mpaka uondoe gharama ya kuifunga na kuisafirisha.

Kama mashahidi wote wanaelekeza kwenye kitu adimu, usikubali bei ya kwanza mlangoni. Peleka picha kwa wanaojua. Veteran-Cycle Club ya Uingereza ipo tangu 1955, na miongoni mwa wanachama wa vyama kama hicho wamo watu waliotumia nusu ya maisha yao wakichunguza mtengenezaji mmoja tu. Waulize utambulisho na mwaka. Bei utaitafuta mwenyewe, maana anayekutajia bei huenda ndiye anayetaka kuinunua.

Picha zipigwe mchana, upande wa cheni, baiskeli nzima ikionekana, kisha karibu: nembo ya shingoni, stika ya mabomba, tarakimu za habu, nambari ya fremu, na kila ufa na kila chubuko. Na kama njiani kuna kipuri kilichobadilishwa, pedeli au kengele au siti ya zamani iliyotupwa kwenye kopo la misumari, kachimbue kopo hilo kabla hujataja bei. Kiweke kwenye mfuko, ukifunge kwenye usukani, kiondoke na baiskeli yake.